Picha Kumi na Moja Zisizo na Jina

Bi Zubeda alifariki Jumanne, na taarifa ilinikuta jikoni nikichambua mchele. Iliandikwa kwa maneno machache kwenye kundi letu la WhatsApp, ambalo siku nyingine halina kitu ila salamu za Idi na za Krismasi: mama yetu ametutoka alfajiri, maziko leo baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwake Gongo la Mboto. Niliacha mchele kwenye ungo, nikajitanda kanga nikaondoka. Nilimkuta amekwisha kuoshwa. Wanawake wamejaa chumbani juu ya mikeka, na walipokuwa wakimzungumzia walimzungumzia kama majirani wanavyomjua jirani: kwamba alikuwa mkali kuhusu mikono misafi, kwamba hakupenda mtu aongeze chumvi kwenye chakula chake, kwamba zamani alifanya kazi ofisini huko Temeke, mambo ya makaratasi. Mmoja wao akaongeza ndiyo, makaratasi. Nilitaka kusema siyo, haikuwa makaratasi tu, lakini msibani si mahali pa kusahihishana, na isitoshe ningeanzia wapi? Baadaye, wanaume waliporudi kutoka makaburini, fundi Shomari alinitafuta. Anatembelea fimbo siku hizi. Tuliketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukala ubwabwa na maharage, na kwa saa nzima hatukuongea habari nyingine ila ule mwaka mmoja wa Chang'ombe. Nimeamua kuuandika, maana tuliobaki tunaoujua ni mimi na yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha sita, sina hili wala lile. Nyumba yenyewe ilikuwa Chang'ombe, ya ghorofa moja, yenye sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa hadi unajiona, na madirisha mapana ya nondo. Ilikuwa ya daktari wa meno ambaye kwa miaka thelathini, wenzake wakinunua viwanja, yeye alinunua picha. Alipofariki walizikuta uvunguni mwa vitanda, nyuma ya makabati, bafuni, hata juu ya tangi la maji. Mjane wake, ambaye sote tulimwita Mama Daktari, alihamia kwa binti yake Mbweni, akaitoa nyumba pamoja na picha zote iwe jumba la kuonyeshea watu. Akaajiriwa Mwalimu Lyimo, aliyekuwa amefundisha sanaa chuo cha ualimu, awe mkuu na achague zipi zitundikwe. Akaajiriwa Bi Zubeda, aliyetoka kutunza nyaraka serikalini, aziandikishe zote moja baada ya nyingine. Shomari alikuwa fundi wa fremu. Mimi niliitwa kwa sababu ya mwandiko wangu. Bi Zubeda alinipa penseli na karatasi, akanisomea sentensi mbili niandike, akaitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akasema nije Jumatatu, na kucha nizikate.

Picha ya kwanza aliyonikabidhi niliigeuza haraka nione sura yake. Alinishika kifundo cha mkono, taratibu.

"Anza na mgongo," alisema. "Mbele kila mtu ataangalia. Nyuma ni kazi yetu."

Siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyoshangaa wiki zile za mwanzo. Nilikuwa nikidhani picha ni kitu chenye upande mmoja. Kumbe nyuma kulikuwa na dunia nzima: viota vya nyigu, vipande vya magazeti ya lugha nisizozijua, karatasi ya mzigo wa basi la Iringa, hesabu za mtoto wa shule zilizosahihishwa kwa wino mwekundu, barua iliyokatwa nusu ambayo mwandishi wake anaomba radhi na hatutajua kamwe alikosa nini. Kila kimoja kiliandikwa kwenye kadi. Kila picha ilipewa namba yake, ikaandikwa kwa penseli laini pembeni mwa fremu, upande wa nyuma, mahali ambapo haitaidhuru. Kalamu ya wino haikuruhusiwa kuingia chumba kile. Chai nayo haikuruhusiwa. Tulinawa mikono, tukaikausha, tukavaa glovu za pamba, tukapima urefu kwanza na upana baadaye, na baada ya hapo ndipo tuliigeuza picha na kuielezea. Kwenye kuielezea ndiko nilikopata taabu. Niliandika "mwanamke mwenye huzuni" naye akachukua kifutio akaifuta, akaniuliza hiyo huzuni nimeiona sehemu gani ya picha. Nikanyoosha kidole. Akasema basi andika hicho unachokionyesha: mwanamke, amekaa, shavu la kushoto limelalia kiganja, macho yanatazama chini. Nikiandika hivyo huzuni itakuwepo, na kama haikuwepo sitakuwa nimemsingizia mtu. Jioni nilirudi kwa miguu kupitia Keko, katikati ya mafundi wa samani, nikawa naona kila kitu kama nimeoshwa macho: mtu, amesimama, mguu mmoja juu ya gogo, msumari mdomoni. Nilitembea polepole kama mgonjwa. Mpaka leo, na nimefanya kazi hiyohiyo maisha yangu yote, bado kuna siku hutokea hivyo, ila siyo kwa nguvu kama wiki ile.

Picha zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Kuta zingeweza kubeba arobaini. Kuchagua ilikuwa kazi ya Mwalimu Lyimo, na aliifanya kwa namna ambayo sijaiona tena popote. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, anayevaa sweta Dar es Salaam. Aliamuru picha zipangwe sakafuni sebuleni, zimeegemea ukuta, zote zimeipa sebule mgongo. Asubuhi aligeuza kumi. Akaziangalia saa mbili asubuhi, akaziangalia adhuhuri jua likiwa kali, akala chakula chake cha mchana mbele yake, wali na mchicha alioletewa na mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Saa tisa ndipo alipozungumza. Kulikuwa na makundi matatu: inayoingia, inayosubiri, na inayolala. Iliyolala ilirudi stoo. Nilimwona akiilaza picha nzuri kuliko zote, mimi nilivyoona, ya soko wakati wa mvua, kwa sababu alisema haiwezi kukaa na nyingine, itazinyang'anya watu. Alimwita Shomari aibebe, na wakati inatolewa aliifuata kwa macho mpaka mlangoni kama anayesindikiza mgeni. Sikuelewa. Nilidhani kuchagua ni kutafuta zilizo nzuri. Sasa nami nimewahi kulaza picha za watu wengi, na kila mara nimeisikia ile hatua ya Shomari kwenye saruji.

Picha kumi na moja zisizo na jina zilitoka juu ya tangi la maji. Nyingine zilichorwa kwenye vipande vya ubao mwembamba wa dari, nyingine kwenye kitambaa kilichopigiliwa misumari juu ya vijiti. Hazikuwa na sahihi wala tarehe, na kwenye daftari la daktari, ambalo lilieleza kila picha aliinunua kwa nani na wapi, hizi hazikutajwa. Zilionyesha wanawake wanaofua. Hakuna mto wala bomba la uani. Ni chumba kikubwa chenye mabeseni ya saruji, mvuke, na mashuka yanayoning'inia mpaka huoni mwisho wake. Nilipoigeuza ya kwanza nilisahau kushika penseli. Mikono ilichorwa mikubwa kuliko vichwa, na ilikuwa kweli, maana ukimtazama mtu anayekamua shuka zito huoni kitu kingine ila mikono. Rangi zilikuwa nne tu: kijani kizito, maziwa, nyeusi, na nyekundu kidogo sana. Bi Zubeda alisema nianze na mgongo, lakini sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

Shomari ndiye aliyetuambia kuhusu rangi. Alikuja kupima fremu, akapitisha pua yake karibu na ubao, akacheka kidogo. Alisema hiyo siyo rangi ya wachoraji, hiyo ni rangi ya ukutani, ile ya mafuta inayopakwa nusu ya chini ya kuta za hospitali na shule ili uchafu ufutike. Kijani chini, maziwa juu. Kila fundi wa mjini anaijua. Na mimi, siku ileile, nilipokuwa nikitoa misumari ya nyuma ya picha ya kitambaa, nikakuta pindo. Lilikuwa pindo la shuka, na kwenye pindo muhuri wa wino uliofifia: herufi za hospitali moja kubwa ya serikali, na neno DOBI.

Kwa wakati ule Mwalimu Lyimo alishakuwa na jibu lake. Mama Daktari alimwambia kwamba picha zile lazima ni za Stefano Mkude, mchoraji aliyekuwa na jina kubwa mjini na aliyefariki miaka michache kabla. Alikuwa akija sana pale nyumbani, akila na kunywa na marehemu. Mwalimu aliamini. Nadhani alitaka kuamini. Alishachagua nne kati ya zile kumi na moja zikae ukuta mkubwa wa sebule, na kadi za mwaliko zilishapigwa chapa, jina la Stefano likiwa juu kabisa. Tulikuwa tumebakiza wiki tano. Siku Bi Zubeda alipompelekea kadi za maelezo bila jina la mchoraji, mimi nilikuwa chumba cha pili nakata karatasi, na ukuta wa nyumba ile haukuzuia kitu. Nilimsikia Mwalimu akisema kwa upole kwamba watu watakuja kwa ajili ya Stefano. Nilimsikia Bi Zubeda akisema na waje, wataziona picha za Stefano alizotia sahihi, ziko sita. Mwalimu akasema ni mstari mmoja tu, Bi Zubeda, jaza. Kisha Bi Zubeda akajibu maneno ambayo niliyasimulia kwa Shomari pale msibani na akainamisha kichwa.

"Mimi nikishafariki," alisema, "mtu atakuja aisome hiyo kadi, na hatakuwa na wa kumuuliza. Siwezi kumdanganya mtu asiyeweza kuniuliza."

Alirudi chumbani kwetu na kadi zake mkononi. Aliniambia nina wiki mbili za kutafuta hilo neno DOBI limetoka kwa nani. Baada ya hapo angeandika "hajulikani" na angeacha kazi kama Mwalimu angelibadili. Nilijua hana kazi nyingine.

Hospitalini nilizungushwa siku mbili mpaka nikafika nyuma, kwenye chumba cha dobi. Kilikuwa chumba kile. Mabeseni yaleyale, kijani chini na maziwa juu, mvuke uleule ukipanda kwenye dirisha lilelile la kona. Nilisimama pale kama niliyeingia ndani ya ubao. Msimamizi, mzee wa Kizaramo mwenye utani, aliniuliza kama nimepotea, nikamwambia natafuta mtu aliyekuwa akichora. Alisema kulikuwa na mama mmoja mwenye tabia ya kuchora ukutani kwa mkaa wakisubiri maji yachemke, kisha anafuta. Mama Gaudensi. Amestaafu, yuko Kiwalani, niulizie kanisani wote wanamjua.

Kiwalani nyumba zimebanana na ndege hupita chini kiasi kwamba mazungumzo hukatika katikati ya neno na kuendelea ndege ikishapita, bila mtu kulalamika. Nilimkuta Mama Gaudensi kibarazani akimenya mihogo. Alikuwa mwanamke mfupi, wa kutoka Songea, na bado alikuwa na lafudhi ya huko. Mikono yake ilikuwa mikubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, na nilipomweleza kilichonileta aliendelea kumenya kana kwamba namsomea tangazo.

"Mie sijui kuchora, mwanangu," alisema. "Mie nilikuwa mfuaji."

Nilimwambia kuhusu picha. Nilimwambia kuhusu pindo na muhuri, na hapo ndipo nilipokosea, maana kisu kilisimama. Aliniuliza nani mwingine ameuona huo muhuri. Akaniuliza kama nimetumwa na hospitali. Kisha akainuka, akasema ana ibada, akanifungia mlango kwa heshima zote. Jirani yake ndiye aliyenieleza, nikiwa narudi: enzi zao mwenzao alifukuzwa kazi kwa sababu ya mashuka mawili yaliyokutwa nyumbani kwake, akaondoka na mikono mitupu baada ya miaka kumi na tisa. Mama Gaudensi alikuwa akiishi kwa kiinua mgongo na malipo yake ya uzeeni. Nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba ushahidi upo, una namba, na utatundikwa ukutani.

Nilirudi kwa Bi Zubeda nikitumaini atasema muhuri tusiuandike. Nilimwomba kabisa. Nilisema kitambaa ni kitambaa, tuandike pamba tu, nani atajua? Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kama tunaficha muhuri basi na jina la Stefano tuliweke, kwa nini tuchague uongo wa kuutumia. Lakini akasema pia hatuwezi kuandika jina la mtu asiyekubali, na kwamba Jumamosi angekwenda mwenyewe, na mimi nibebe kadi.

Jumamosi ile naikumbuka kuliko siku nyingi za maisha yangu mwenyewe. Tulimkuta anapika ugali na kisamvu cha karanga, na kwa kuwa Bi Zubeda alikuwa mtu mzima mwenzake, hakuweza kutufukuza, alitukaribisha tukale. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda, meza, msalaba, na picha ya kalenda. Tulikula. Baada ya kunawa Bi Zubeda hakumuuliza chochote kuhusu kuchora. Alisema, dada yangu, mie ni mwandishi tu wa kadi, nimeeleza chumba ambamo sijawahi kufanya kazi, naogopa nimekosea; nisaidie, binti atasoma na wewe unirekebishe. Nikaanza kusoma. Mwanamke, amesimama, ameinama kwenye beseni, mikono imekunja shuka.

"Hajainama," alisema Mama Gaudensi. "Anakamua. Mtu wa kuinama mgongo haukai hivyo."

Bi Zubeda akatoa penseli, akaandika. Nikaendelea. Mwanamke wa pili, nyuma, amebeba ndoo. Akasema huyo ni Asha Mdigo, na siyo ndoo, ni debe la maji ya moto, ndiyo maana kalibeba mbali na mwili. Wa tatu, kitambaa chekundu kichwani. Akasema hicho ni kitambaa chake mwenyewe alichomvalisha mfuaji mwenzake, Tatu, kwenye picha, kwa sababu Tatu alikuwa mweusi kama yeye na alitaka aonekane kwenye mvuke. Alisema hivyo halafu akasikia alichokisema. Ndege ilipita. Sote watatu tulingoja ipite, na ilipokwisha kupita hakuna aliyelirudia neno lile. Nikasoma mstari uliofuata, wa kitambaa: shuka kuukuu la pamba, pindo upande wa kushoto, muhuri wa hospitali, kona ya chini kulia haipo, imekatwa kwa mkasi.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia kwamba kona imekatwa kwa mkasi. Akauliza kama ni zote. Nikapekua kadi: vitambaa vilikuwa saba, na vyote saba nilikuwa nimeandika hivyohivyo, kona haipo, bila kujua naandika nini. Mama Gaudensi aliweka viganja vyake vikubwa juu ya magoti. Alieleza taratibu, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba shuka likishachakaa, muuguzi mkuu alikuwa akilikata kona mbele yao, na likishakatwa kona siyo la hospitali tena, ni la kufanyia matambara, anayetaka achukue. Yeye alikuwa akichukua. Rangi walimwachia mafundi waliopaka kuta, mabaki ya chini ya makopo. Daktari wa meno, ambaye chumba chake kilitazamana na dobi, alimwona siku moja akichora, akaomba aitunze picha ile kwake, kisha nyingine, na yeye akampa kwa moyo mmoja maana nyumbani hakuwa na pa kuziweka, na watu wangemwona amechanganyikiwa. Yule mwenzao alipofukuzwa, mashuka yake yakiwa na kona zote nne, yeye aliogopa hata matambara. Alimwomba daktari asiandike jina lake popote. Daktari alitimiza. Alikuwa amesahau zile kona, alisema; hofu ilikuwa imezila.

Bi Zubeda alimuuliza jina. Akajibu Mama Gaudensi. Bi Zubeda akasema hilo ni la mtoto, anaomba la kwake. Anyesi, alisema. Anyesi Komba. Bi Zubeda aliliandika kwenye kadi kumi na moja, moja baada ya nyingine, mbele yake.

Mwalimu Lyimo alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alikwenda sebuleni, akaziangalia zile nne mchana kutwa, na chakula chake kikapoa. Siku ya pili aliniagiza nimlete huyo mama, ambaye tangu Jumamosi ile tulimwita kwa jina lake mwenyewe, Mama Anyesi. Nilidhani anataka kumpongeza. Badala yake alizipanga zote kumi na moja sakafuni, akamwamkia, akamwambia kwamba yeye ndiye anayechagua na hatachagua kwa huruma. Kadi za mwaliko zingepigwa upya, hilo lilikwisha. Lakini mbili kati ya zile nne alizokuwa amezichagua alizitoa, kwa sababu, alisema, alizichagua akitafuta mkono wa Stefano, na sasa anaona ni dhaifu. Mama Anyesi alizitazama. Alikubali kwamba moja ni mbaya kweli, aliichora akiwa na homa. Wakaendelea hivyo, wamesimama bega kwa bega, mtu wa Moshi mrefu na mwanamke wa Songea anayemfikia kifuani, wakizilaza picha kwa makubaliano, na mimi na Bi Zubeda tukaacha kazi tukawatazama kutoka mlangoni. Walipofika kwenye shuka dogo la wanawake waliokaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, ambalo nusu yake ya chini ilikuwa kitambaa kitupu, Mwalimu alisema hili linalala, halijakamilika.

"Limekamilika," alisema Mama Anyesi. "Siku hiyo maji hayakutoka. Hapo ni pakavu. Ningepaka nini?"

Mwalimu Lyimo aliinama, akachuchumaa, na baadaye akakaa kabisa sakafuni na sweta lake. Nilimwangalia mtu aliyefundisha sanaa miaka yote ile akilitazama eneo lile tupu, na uso wake ukawa wa mwanafunzi. Alimwita Shomari bila kugeuka. Alimwambia atengeneze fremu ya hili kwanza kabla ya nyingine zote, ya mbao nyembamba, isilibane. Picha tano za Anyesi Komba ziliingia. Sita zililala, na kadi zake zina jina.

Tulifungua Jumamosi asubuhi. Mama Daktari alikuja kutoka Mbweni na wajukuu, wageni walikuwa wengi, na hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida yetu. Mama Anyesi alikuja na wafuaji watatu wastaafu, wamevaa kitenge sare cha kanisani, na Asha Mdigo, yule wa debe la maji ya moto, katika baibui lake. Wenzake walikwenda moja kwa moja ukuta wa sebule wakajitafuta, wakajikuta, na nilisikia kicheko chao nikiwa vyumba viwili mbali. Mama Anyesi hakwenda. Aliniomba nimshike mkono, miguu ilikuwa ikimsumbua, akasimama mbele ya picha ya kwanza ya mlangoni, ya mtu mwingine kabisa, picha ya ng'ombe wanaovuka barabara. Akaniomba nimsomee kadi. Nikasoma jina la mchoraji, alikotoka, kitu alichochorea. Tukaenda ya pili. Nilidhani atachoka. Lakini alisimama mbele ya kila moja kama alivyokuwa akisimama Mwalimu, na kila mara aliuliza jina, na huyu alikuwa anafanya kazi gani, na kama nilijua nilimwambia: huyu alikuwa askari magereza, huyu mpishi wa shule, huyu hatujui. Watu walitupita, vinywaji vikaisha, wafuaji wenzake wakaja kumwita akawaambia wamsubiri nje. Tulipofika picha ya arobaini nyumba ilikuwa karibu tupu na Shomari alishaanza kukusanya viti. Bi Zubeda alikuwa amesimama kando, glovu zake mkononi.

"Miaka yote nilijua ni mie peke yangu mwenye huu ugonjwa," Mama Anyesi alisema. Alikuwa analia bila kujifuta. "Kumbe tulikuwa wengi."

Kisha akanivuta mkono, akaomba turudi mlangoni tuanze tena.